Wakuu, hizi maksi za wachambuzi wa muvi nizifuate vipi kupanga enta ya wanafunzi?

Mwl wa Zamu

Kamwene wakuu. Mimi ni mwalimu kwenye sekondari moja ya bweni huku Mafinga, na pamoja na vipindi nimekabidhiwa burudani ya Jumamosi usiku, wanafunzi wenyewe wanaiita enta. Tuna projekta, spika mbili, na ukuta wa bwalo tuliopaka chokaa ndo skrini.

Shida iko kwenye kuchagua. Mimi ni mtu wa kusoma wachambuzi, muvi kabla sijaileta nakuwa nimeshaangalia Rotten Tomatoes, ile tovuti inayokusanya maoni ya wachambuzi, wamesemaje. Mwenzangu wa hesabu hataki kabisa kusikia hayo, anasema waulize watoto wanataka nini basi. Muhula uliopita tukawa tunapokezana, wiki yangu wiki yake. Wiki yangu nikaleta drama moja yenye asilimia tisini na ushee, muvi nzuri kweli, ila nusu saa ya kwanza watu wanaongea jikoni tu, na hii baridi ya huku form two wakavuta mablanketi mpaka kichwani, ukipita kwenye benchi unasikia wanakoroma. Wiki yake akaleta ya ngumi, wachambuzi wameipa thelathini na kitu, bwalo zima limesimama juu ya mabenchi, stelingi akirusha teke wanarusha naye, mpaka mlinzi akaja kuchungulia dirishani.

Ila sio kila mara inakuwa hivyo, maana katuni iliyosifiwa na wachambuzi iliwashika wote hadi wapishi, wakati komedi iliyosifiwa vilevile hakucheka mtu. Kwa hiyo naona inategemea na aina ya muvi. Naombeni ushauri, kwa aina ipi nimwamini mchambuzi na kwa aina ipi nimuweke pembeni? Orodha ya muhula inatakiwa mezani kwa mkuu kabla shule haijafunguliwa. Na sitaki kabisa watoto wamalize form four wakidhani muvi ni ngumi na magari kulipuka tu, hilo linaniuma sana.

Bint Gangilonga

Mwalimu kwanza tuelewane hiyo asilimia inahesabu nini, maana wengi wanaisoma vibaya. Ile ya Rotten Tomatoes ni kama asilimia ya waliofaulu mtihani, sio wastani wa maksi za darasa. Wanachofanya wanachukua kila mchambuzi wanauliza kaipenda au hajaipenda, basi. Muvi ambayo wachambuzi mia wote wameipa 6 kwa 10 inapata asilimia 100, na nyingine ambayo sabini wameipa 10 kwa 10 na thelathini wameichukia inapata 70. Hapo ipi ni muvi kali? Ile drama yako inawezekana kabisa hakuna aliyeichukia na wala hakuna aliyeifia.

Ukitaka wastani nenda Metacritic, wao wanachukua maksi zenyewe wanapiga wastani kwa 100, japo baadhi ya wachambuzi wanapewa uzito zaidi ya wengine na hawasemi ni uzito kiasi gani. Mimi huwa naweka zote mbili. Ikiwa nyanya, yaani Rotten Tomatoes, iko 90 huku Metacritic iko 65 najua hiyo ni muvi ya kupendeza wote bila kumtikisa mtu.

Sokomatola Boy

Mwalimu achana nao hao, msikilize mwenzio wa hesabu. Venom ya 2018 waliiponda ikabaki na asilimia kama 30, watazamaji wakaipa kama 80, ikaingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani. Nani alikuwa sahihi hapo? Mtu anakaa New York anaangalia muvi tano kwa wiki, kila kitu keshakiona anataka kipya tu. Mtoto wa Mafinga anaona muvi moja kwa wiki anataka afurahi akalale.

Kaka wa Uyole

Nimekaa sana kwenye banda la video pale Mwanjelwa, nimeona watu wanaingia na kutoka, kwa hiyo naongea kwa nilichokiona. Aina haziko sawa mwalimu, umeliona mwenyewe.

Katuni za familia amini wachambuzi bila wasiwasi, pale mchambuzi na mtoto wanakubaliana mara nyingi sana. Filamu za makala, zile za mambo ya kweli (documentary), maksi zake huwa juu karibu zote kwa sababu anayetumwa kuziandikia ni yule anayezipenda tayari, kwa hiyo 95 ya makala usiilinganishe na 95 ya aksheni.

Komedi ndo ngumu. Mchambuzi wa Marekani anacheka neno, tena neno lenye maana mbili la Kiingereza, wakati form two wako sabtaito tu anaisoma kwa kuhema. Watu wetu wanacheka kitendo, ndo maana King Majuto alikuwa akitokea tu kabla hajafungua mdomo banda lishaanza kucheka. Tafuta Modern Times ya Charlie Chaplin, ni ya 1936, maongezi karibu hayamo kabisa. Jamaa yuko kiwandani anakaza nati kwenye mkanda unaokimbia, anakaza anakaza, akija kuacha kazi mikono inaendelea kukaza yenyewe hewani, halafu bosi anamleta kwenye mashine ya kumlisha chakula ili asipoteze muda wa kula, mashine inaharibika inampiga na mahindi usoni. Hiyo wachambuzi wanaiheshimu mpaka leo na mtoto wa Mufindi atacheka mpaka alie, huhitaji kuchagua upande.

Za kutisha sasa. Marekani kuna kitu kinaitwa CinemaScore, siku muvi inapotoka wanawagawia watazamaji kadi wanaipa daraja kuanzia A+ mpaka F. Hereditary ya 2018 wachambuzi waliipa kama 90, watazamaji wa kadi wakaipa D+. Wachambuzi walipenda ile hofu inayopikwa taratibu, watu waliolipa tiketi walikuja kushtuliwa. Lakini kwako wewe jibu ni moja tu, usilete za kutisha bwenini kabisa, usiku hakuna atakayeenda chooni peke yake.

Na lugha usiisahau. Kuna sababu watu walikuwa wanauliza muvi iliyotafsiriwa na Lufufu, yule aliyekuwa akiingiza sauti ya Kiswahili juu ya muvi za nje, hawakuwa wanauliza imepata nyota ngapi. Kama kuna mwanafunzi mchangamfu mpe maiki awe anaeleza kwa Kiswahili zile sehemu nzito.

Mama Wawili Njombe

Mimi naongea kama mzazi mwenye mtoto bweni. Mwalimu, mchambuzi anaandikia watu wazima, asilimia 97 haikwambii kama kuna kitanda ndani. Angalia daraja la umri kwanza kabla ya nyanya. Marekani wakiandika R maana yake chini ya miaka 17 aingie na mzazi, PG-13 wanamuonya mzazi mwenye mtoto wa chini ya 13. Uingereza wana 12A, 15 na 18, mimi naona wao wako wazi zaidi. Na hapa nyumbani Bodi ya Filamu nayo inapanga madaraja. Halafu kuna Common Sense Media, hao wanakuchambulia matusi kiasi gani, damu kiasi gani, mapenzi kiasi gani, kazi ambayo mchambuzi wa kawaida haifanyi. Na baada ya yote hayo wewe na matroni iangalieni yote kabla, sio mwanzo tu.

Mwl wa Zamu

Ndaga sana dada Gangilonga, hilo la waliofaulu na wastani limeniingia, mwenzangu wa hesabu nimemsomea kakubali kwa mara ya kwanza. Mama Njombe nimekuelewa, matroni naye aliwahi kusema hivyohivyo. Kaka wa Uyole, vipi za ngumi na aksheni? Hizo ndo vita yetu kubwa.

Mzee wa Tukuyu

Aksheni wachambuzi waliionea muda mrefu, huo ndo ukweli. Die Hard ya 1988, Roger Ebert wa Chicago Sun-Times aliipa nyota mbili kwa nne, na huyu sio mtu mdogo, ndiye mchambuzi wa filamu wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, 1975. Mwaka 2017 muvi hiyohiyo ikaingizwa kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa na taifa la Marekani.

Lakini vijana msimtupe Ebert kwa hilo. Yeye alieleza wazi kwamba nyota zake zinapimwa ndani ya aina, yaani muvi ya ngumi anailinganisha na za ngumi wenzake, haiweki na drama ya mahakamani. Ndivyo mwalimu anavyotakiwa kusoma. Usiulize hii 60 ya aksheni inaizidi vipi 95 ya drama, uliza kati ya aksheni hizi tano ipi wamesema imepigwa picha vizuri, mapigano unayaona nani kampiga nani, hadithi inaeleweka. Hapo mchambuzi ana faida kubwa, maana za ngumi mbovu ni nyingi mno.

Na za Kihindi mbona hujazitaja? Sholay ilipotoka 1975 wachambuzi wengi waliipokea kwa ubaridi. Watu wakaipeleka wenyewe, jumba la Minerva pale Bombay ikaonyeshwa miaka mitano. Sisi huku tuliiona, tukaimba, na Kihindi hatujui. Urafiki wa wale vijana wawili, na vita yao na yule jambazi, hauhitaji mkalimani.

Sokomatola Boy

Shikamoo mzee. Si ndo nilichosema mimi, watu ndo wanajua.

Bint Gangilonga

Sokomatola mdogo wangu, watu hao hao wakati mwingine wanaikosa muvi mpaka mchambuzi awashike mkono. Bonnie and Clyde ya 1967, Bosley Crowther wa New York Times aliiponda vibaya, Pauline Kael akaandika makala ndefu kuitetea, na leo iko kwenye kila orodha ya muvi zilizobadilisha Hollywood. Wote wawili ni wachambuzi na wamepishana. Kwa hiyo hakuna kitu kinaitwa wachambuzi wamesema, kuna fulani kasema na kwa sababu hii.

Mwalimu chagua wawili watatu uwasome maneno yao, acha namba. Baada ya muda utamjua huyu hapendi muvi ndefu, huyu analia kwenye kila muvi ya mtoto na mbwa, na hata akiiponda utajua wewe utaipenda. Na form three wako wape kazi, kila Jumapili mmoja aandike nusu ukurasa kwa Kiswahili, kaipenda au hajaipenda na sababu, bandika mlangoni bwalo. Nakuhakikishia hao ndo utawategemea kuliko New York.

Halafu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilianza kuonyeshwa Toronto 2021. Kama mna form five na six wanaosoma riwaya ile, hiyo ni ya kwao, ila ipitieni nyie kwanza kama Mama Njombe alivyosema.

Mwl wa Zamu

Nimekaa na mwenzangu tumepanga. Jumamosi ya kwanza Chaplin, ya pili ni zamu ya mwenzangu na muvi ya ngumi ila kwa masharti ya mzee, ailete yenye sifa ndani ya aina yake. Drama haziondoki kwenye ratiba, ila naziweka katikati ya muhula wakishazoea kukaa, na zile zenye mwanzo unaokimbia. Kazi ya form three naianza wiki ya kwanza, nimependa mno.

Mzee wangu swali moja, Sholay inazidi masaa matatu na sisi taa saa nne zimezimwa. Naikataje?

Mzee wa Tukuyu

Muvi za Kihindi zina intavali, wameshakukatia wenyewe. Simamisha hapohapo, nusu ya pili Jumamosi inayofuata. Ila jiandae, wiki nzima watakufuata mpaka ofisini wanauliza nini kitatokea.