Mrejesho: kile kichochoro nyuma ya nyumba

Asanteni sana mlionijibu nilipouliza kama jiji linaweza kutuachia sisi tunaopakana nacho kichochoro cha umma nyuma ya nyumba yetu, ambacho hakijapitwa na gari miaka na miaka. Linaweza. Ila kufuta njia ni jambo moja, na haki ya mabomba yaliyo chini yake ni jambo jingine kabisa.

Kwenye maombi yetu, ramani ya mpima, tangazo na saini za majirani tunaopakana na kichochoro havikutusumbua. Kilichotukwamisha ni mfuniko wa chuma uliomezwa na nyasi: chemba ya majitaka ambayo hata sisi hatukuijua. Watu wa maji wakagoma kusaini mpaka haki yao ya kuingia na kuchimba ibaki. Kwenye kikao, bibi mmoja akasimama akasema hiyo ndiyo njia yake ya kwenda kituoni. Madiwani wakabakiza ukanda wa waenda kwa miguu, na kwa kweli walitenda haki.

Eneo lililobaki limegawanywa katikati, nusu kwetu, nusu kwa jirani. Juu ya bomba hatujengi, tunaweka uzio wenye lango tu. Uamuzi umeshasajiliwa, nakala ninayo mkononi.