Fundi akizima masasisho ili tovuti isipoteze sura yake, amesaidia au ameharibu?

Mwanzisha mada, Mkomani

Assalaam aleikum, wana-Pwani. Hili limebishaniwa hapa Lamu, pale Mkunguni, tangu Alhamisi na kila mtu ameondoka na lake, kwa hiyo nalileta humu wanamosoma mafundi na wenye gesti pamoja.

Gesti moja hapa mjini ina tovuti ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Fundi aliyeitengeneza alichukua mandhari ya bure (theme, yaani folda ya faili zinazoipa tovuti sura), akaingia moja kwa moja ndani ya faili lake la style.css, lenye CSS, yaani maagizo ya mapambo, akabadilisha rangi na herufi, kisha akafungua header.php, faili la sehemu ya juu ya kurasa, akatia kitufe cha kijani cha kuulizia chumba kwa WhatsApp. Ikapendeza kweli. Wiki ya kuelekea Maulidi, watu wanatafuta vyumba, mandhari ikajisasisha usiku. Kulipokucha tovuti imerudi kijivu kama ilivyotoka kwa walioiunda, kitufe hakipo, na ile picha ya mlango wa nakshi imekatwa nusu. Fundi akaitwa, akarudisha kila kitu kutoka kwenye nakala ya akiba, halafu akazima masasisho yote: ya mandhari, ya programu-jalizi (plugins, vipande vya kuongezea tovuti kazi), hata ya WordPress yenyewe. "Haitatokea tena." Mwenye gesti kafurahi.

Mimi nasema ameharibu. Kilichotokea hakikuwa hitilafu. WordPress ikisasisha mandhari hailinganishi faili la zamani na jipya. Huondoa folda nzima na kuweka nyingine, na ulichokiandika humo kinakwenda na maji. Dawa ni kutoandika humo. Waliokuwa kwenye kazi hii zamani wanaikumbuka TimThumb, skripti ndogo ya kupunguza ukubwa wa picha iliyokuwa imefungashwa ndani ya mandhari nyingi. Agosti 2011 ikagundulika kwamba mtu wa nje anaweza kupitishia hapo faili lake hadi kwenye seva yako. Aliyekuwa amechezea mandhari yake akabaki njia panda: asasishe apoteze rangi, au abaki na rangi pamoja na tundu.

Halafu gesti hupokea majina, simu, hata nambari za pasipoti kupitia fomu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo hili si la mwenye nyumba na fundi wake peke yao. Haya, semeni. Na kazi ya kutengeneza upya, nani alipe?

Fundi, Langoni

Ndugu, umesema vizuri, ila umesema kama mtu asiyepigiwa simu saa nane usiku. Mteja hulipa mara moja na anataka tovuti ikae miaka. Hakuna anayekulipa uje kila mwezi kuangalia. Apdeti ikivuruga kitu lawama ni zako, na huwezi kumwambia "ni mandhari hiyo" mtu aliyekosa mgeni wa usiku saba. Mdukuzi wa kuihangaikia gesti ya vyumba vitano sijamwona bado. Apdeti iliyovuruga kazi nimeiona, tena si mara moja.

Nakubaliana nawe kwenye hilo neno "yote" tu. Kuzima ya WordPress yenyewe ni kupita kiasi: yale madogo ya usalama hujiweka yenyewe tangu toleo la 3.7, mwaka 2013, na rangi zako hayazigusi. Lakini ya mandhari? Tangu toleo la 5.5, Agosti 2020, mwenye tovuti anaweza kuyawasha au kuyazima apendavyo, mandhari moja moja. Kama ni dhambi kuyazima, hiyo hiari waliiweka ya nini?

Mwenye gesti, Shela

Mimi CSS siijui na sina haja nayo. Nataka mgeni aliyeko Nairobi abonyeze, mimi nipokee. Lakini nawauliza nyote mafundi: mbona hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba kupaka rangi kuna namna mbili, moja inafutika na nyingine haifutiki? Ningeambiwa, ningelipia ile ya pili.

Mwalimu wa kompyuta, Malindi

Wa Shela ametia kidole penyewe. Namna ya pili inaitwa mandhari mtoto. Unafungua folda mpya kando ya ile ya asili, ambayo ndiyo mzazi, unaweka ndani yake faili la style.css linaloanza hivi:

/*
Theme Name: Gesti Yetu
Template: jina-la-folda-ya-mzazi
*/

Unaiwasha hiyo ya mtoto, na rangi zako unaziandika chini ya hapo. Baadhi ya mandhari hazilisomi faili la mtoto zenyewe. Hapo unaliita kutoka functions.php ya mtoto, faili la maagizo ya kazi za mandhari. Masasisho yakija yanabadilisha folda ya mzazi, ya mtoto hayaigusi. Watu wa Lamu mnalijua hili kutushinda: binti akiolewa hujengewa juu ya nyumba ya wazazi wake, hapana anayebomoa ukuta wa chini ili apate chumba.

Kwa rangi tupu, hata mtoto hamhitaji. Tangu toleo la 4.7, Desemba 2016, lipo sanduku la CSS ya ziada, na unachokiandika humo hukaa kwenye hifadhidata, nje ya faili za mandhari. Angalizo: kimefungamana na mandhari unayotumia, ukihamia nyingine hukioni mpaka ukinakili. Wenye mandhari za bloku, zile zinazopangwa kwa vipande vipande, wanaohariri kwa kihariri cha tovuti kilichokuja na toleo la 5.9 Januari 2022, mabadiliko yao nayo huingia hifadhidata.

Kijana wa Shella, Malindi

Mbona mnajisumbua? Fungua style.css ya mandhari, kwenye namba ya toleo andika 99. WordPress itadhani unayo mpya kuliko zote, haikuulizi tena.

Mwalimu wa kompyuta, Malindi

Na siku ikitokea tundu haikuambii pia. Huko ni kuzima kule kule, ila kwa siri, na fundi atakayekuja baada yako atakesha akitafuta kwa nini.

Fundi, Langoni

Mwalimu, hiyo nyumba ya binti ina upande wake wa pili. Kitufe kinachozungumzwa kiko header.php. Ukitaka kukihamishia kwa mtoto, unanakili header.php nzima, na ikishakuwepo ya mtoto ndiyo inayosomwa, ya mzazi inarukwa. Kesho mzazi akirekebisha ya kwake, wewe uko ghorofani unatumia ile ya zamani, huku dashibodi inakuonyesha mandhari imesasishwa. Afadhali mimi niliyezima, angalau najua sijasasisha.

Mwalimu wa kompyuta, Malindi

Ni kweli, na ndiyo maana faili zima nalinakili pale tu pasipo na njia nyingine. Kitufe cha WhatsApp hakihitaji header.php. functions.php ina kanuni yake: ya mtoto haifuti ya mzazi, husomwa zote mbili, ya mtoto ikitangulia. Andika humo kifungu kifupi ukifunge kwenye wp_footer, ndoano ya WordPress iliyo mwisho wa ukurasa, kitufe kitatokea kila ukurasa, kisha CSS ikisogeze kona unayotaka. Huku kwetu nimefanya hivyo kwa kitufe cha kugeuza kurasa kwenda Kiitaliano.

Mwanzisha mada, Mkomani

Hilo la faili lililonakiliwa, fundi, limeingia. Lakini wewe kujua kwamba hujasasisha kunamsaidia nini mgeni aliyekuachia pasipoti?

Kwa gesti hii yetu njia ipo hata kama fundi amesahau alichobadilisha. Apakue toleo lile lile la mandhari likiwa halijaguswa, alilinganishe na lililoko kwenye seva mstari kwa mstari. Kinachotofautiana ndicho cha kuhamisha. Rangi ziende kwa mtoto au kwenye sanduku, kitufe kiende functions.php, halafu masasisho yawashwe. Na kazi hiyo aibebe fundi, kwa sababu ndiye aliyeandika pasipofaa bila kumwambia mwenye mali. Ya baadaye ni ya mwenye gesti, kwa malipo ya mwezi au ya mwaka, wataelewana.

Fundi, Langoni

Kuhamisha, sawa, ningekuwa mimi ningebeba. Ya baadaye sijaona mteja atakayeilipia, na mimi sibonyezi kitu ambacho kikivunjika nitakitengeneza bure.

Mwenye gesti, Shela

Fundi, nitabonyeza mwenyewe ukinionyesha namna ya kuchukua nakala ya akiba kwanza na namna ya kuirudisha. Taja bei.