Maparachichi ya Mbuyuni yamezuiwa forodhani: cheti cha mimea kinapatikanaje?

Kutoka: mwanachama, Munich

Ndugu zangu wa Kilimanjaro na Arusha, nawasalimu. Nimerejea juzi kutoka Moshi, na maparachichi na maembe niliyonunua soko la Mbuyuni yamechukuliwa yote na afisa wa forodha kwa kuwa sikuwa na cheti cha afya ya mimea. Mama aliyeniuzia aliniuliza nasafiri lini, akayaondoa yaliyoanza kulainika, akanichagulia magumu yenye vikonyo na kuyafunga moja moja kwa gazeti. Naomba anayejua anieleze: msafiri mwenye kilo chache anaombaje cheti hicho TPHPA, yaani mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na mzigo hukaguliwa Arusha au palepale uwanja wa ndege wa KIA?

Kutoka: mwanachama, Hamburg

Pole sana, dada. Tangu Desemba 2019, matunda yanayoingia Umoja wa Ulaya bila cheti ni matano tu: nanasi, nazi, doriani, ndizi na tende. Ndiyo maana mimi hubeba ndizi mshare, nikapika mtori wangu kwa amani. Nyama na maziwa ya kutoka kwetu ndiyo usithubutu kabisa. Shemeji yangu alinyang'anywa maziwa mgando aliyopewa na mama yake Machame, akatahayari mbele ya wanawe.

Kutoka: mwanachama, Birmingham

Tuwe waangalifu tunapowaelekeza wenzetu. Uingereza imekwisha kujitoa katika umoja huo na ina orodha yake, kwa hiyo sisi wa huku tusiifuate hiyo ya matunda matano. Isitoshe, dada hakuuliza habari za maziwa.

Kutoka: mwanachama, Hamburg

Kaka, niliandika Umoja wa Ulaya, na dada anaishi Munich. Tafadhali soma kwanza ndipo usahihishe.

Kutoka: mwanachama aliyerudi nyumbani, Moshi

Shikamooni wakubwa. Makao makuu ya TPHPA yapo Arusha, kwa hiyo anayetoka Moshi ajipangie safari hiyo mapema. Ningeshauri pia mpite Tengeru siku ya gulio, Jumatano au Jumamosi, kwa sababu uchangamfu wa pale hauna mfano: mikungu imepangwa chini hadi njia inakosekana, na mama akishakupimia sado ya maharage hukuongezea kiganja kizima bila kuombwa. Huko mliko, nani anayewaongezea?

Kutoka: mwanachama, Minneapolis

Umenigusa, mdogo wangu. Nimezaliwa Kibosho, na sokoni Mbuyuni nilikuwa nikitumwa na mama tangu utotoni, lakini kwa kuwa nimechukua uraia wa Marekani, leo naingia KIA kwa viza ya dola 100, kama mtalii aliyekuja kuuona mlima. Wabunge wetu wanasifu fedha tunazotuma nyumbani, ila uraia pacha wanaukwepa kila unapotajwa, na jambo hilo linaniuma kwa dhati. Anayeifahamu hadhi maalumu ya diaspora, ile ya sisi tuliochukua uraia wa nje, atueleze: inatuondolea viza hiyo, au tutaendelea kuilipa?