Operesheni za Counter-Strike zilianza lini?

Mchezaji wa Kirumba:
Ndugu zangu, mimi na wenzangu hucheza Counter-Strike 2, mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi kwa timu, kila Jumamosi katika ukumbi wa kompyuta hapa Kirumba, Mwanza, na kaka zetu husimulia "operesheni", yaani misimu maalumu ya mchezo huo iliyokuwa ikifunguliwa kwa miezi michache kisha kufungwa. Naomba mwenye kuifahamu historia hiyo anieleze.

Mkongwe wa Igoma:
Mdogo wangu, ya kwanza ilikuwa Operation Payback ya Aprili 2013, katika toleo lililotangulia la Counter-Strike: Global Offensive, ambapo Valve, kampuni yenye mchezo huo, iliuza pasi (tiketi) ya kuchezea ramani, yaani viwanja vya mapambano, zilizobuniwa na wachezaji wenyewe, na sehemu ya mapato ikawaendea wabunifu hao. Kwangu mimi, hilo lilikuwa jema kuliko yote yaliyofuata. Bravo ilikuja Septemba mwaka uleule, mwezi mmoja baada ya mapambo ya silaha kuingizwa mchezoni, na tangu hapo makasha yanayofunguliwa ili kupata mapambo hayo yakawa kivutio kikubwa. Kati ya 2014 na 2017 zilifuatana Phoenix, Breakout, Vanguard, Bloodhound, Wildfire na Hydra.

Dada wa Ilemela:
Kaka, naomba kuongeza. Baada ya Hydra tulingoja zaidi ya miaka miwili hadi Shattered Web ya Novemba 2019, kisha zikaja Broken Fang mwaka 2020 na Riptide Septemba 2021. Counter-Strike 2 ilipotoka Septemba 2023 haikuja na operesheni. Oktoba 2024 ililetwa pasi ya Armory, ambayo mchezaji hukusanya alama kwa kucheza na kuzibadilisha kwa mapambo. Mimi nazikosa sana zile misheni (kazi za kutimiza mchezoni) za kila wiki za operesheni.

Mchezaji wa Kirumba:
Ahsanteni sana. Nitawasomea wenzangu Jumamosi.