Baba anapasuliwa mtoto wa jicho Moshi: je, aache dawa zake?

Swali: Shikamooni wakubwa zangu. Baba yangu, mwenye miaka 74, amepangiwa kuondolewa mtoto wa jicho wiki ijayo hapa Moshi. Ana kisukari, na kwa miaka 3 amekuwa akimeza tamsulosini kwa ajili ya tezi dume. Jirani amemshauri aache dawa zote siku 3 kabla ya upasuaji ili mwili utulie. Je, ni sahihi?

Jibu la 1 (muuguzi wa macho, Arusha): Mzee asiache dawa yoyote kwa ushauri wa jirani. Hiyo ya tezi dume ndiyo ya kutajwa kwanza, ingawa wazee wengi huificha kwa haya. Tamsulosini hulegeza misuli inayotanua mboni, hivyo katikati ya upasuaji mboni inaweza kusinyaa, na kifuko chembamba kinachoshikilia lenzi ndani ya jicho kikachanika. Madaktari wa Marekani walilieleza tatizo hilo mwaka 2005, na huwapata hata watu walioacha dawa zamani. Siku 3 hazibadilishi kitu. Daktari akijua mapema, huandaa dawa ya kutanua mboni au vipete vya kuishikilia.

Sukari ikiwa juu mno, upasuaji unaweza kuahirishwa, nanyi msinung'unike. Kope zikiwa na magamba au tongotongo, semeni pia, kwani bakteria wa kope ndio mara nyingi huingia ndani ya jicho. Kwa sababu hiyohiyo jicho huoshwa kwa povidoni ayodini, dawa ya kuua vijidudu, kabla ya kupasuliwa.

Jibu la 2: Naongezea ya nyumbani. Mama yangu alipasuliwa Arusha wakati wa kiangazi, vumbi limetanda, na siku ya pili nilimkuta akijifuta jicho kwa upindo wa kanga aliyokuwa ameivaa akipika. Siku ya nne jicho likawa jekundu, likauma, na uoni ukafifia. Tulikuwa tumepewa tarehe ya kliniki wiki iliyofuata, lakini hatukuingoja; tulirudi usiku uleule. Nanyi mkiona dalili hizo msingoje. Anayeweka matone anawe mikono kwa sabuni, na ncha ya chupa isiguse kope.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Nimemuuliza baba, naye amekiri kwamba daktari wa macho hakuambiwa habari za tezi dume, kwa kuwa mimi na dada yangu tulikuwemo chumbani. Kesho ataingia peke yake, na paketi ya dawa mfukoni.