Bibi anasahau mno na usiku hatulii, ni uzee tu?

Mjukuu: Wakuu habari, bibi yangu ana miaka 78, anauliza kitu kilekile kila saa, juzi katia chumvi kwenye chai, jioni anataka kwenda "kwao" na yuko kwake, majirani nao wameanza maneno ya uchawi yaani naumia sana. Nianzie wapi?

Mama Salma: Pole mwanangu. Uchawi hapana, na sio uzee wa kawaida. Mpeleke hospitali wampime presha, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12 na mkojo, maana yutiai tu (maambukizi ya njia ya mkojo) inaweza kumchanganya mzee ghafla. Na masikio jamani, watu wanayasahau!

Mwanakijiji: Kweli mama, ripoti ya Lancet, lile jarida la kitabibu, ya 2024 ilisema karibu asilimia 45 ya dimensia (ugonjwa wa ubongo wa kupoteza kumbukumbu) ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa, na presha, sigara, kutosikia vizuri na upweke vyote vimo kwenye mambo yanayoongeza hatari.

Kaka J: Akidai kwenda kwao usibishane naye, mwambie "sawa bibi twende" mzunguke uani kidogo, mama yangu ndo inamtuliza. Dawa za usingizi usimpe kiholela, zinamwangusha mzee.

Mjukuu: Asanteni sana, kesho tunaenda kupima.