Huyu "HR" wa kazi za mtandaoni katukana viazi vya mama yangu!!!

Mwana_Isyonje:
Wakuu naandika mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe hivyohivyo.

Mnamjua, msijifanye hammjui. Yule dada wa WhatsApp mwenye picha ya profaili kakalia kiti cha kuzunguka, kila asubuhi "habari familia, ingiza hela ukiwa nyumbani". Kuanzia Mbalizi mpaka Uyole hakuna mwenye bando ambaye hajaingizwa kwenye grupu lake bila kuulizwa, nadhani hata mbuzi wa huku kawaedi.

Kazi yenyewe ni kulaiki video YouTube unatuma skrinshoti. Elfu tatu ya mwanzo waliituma kweli, na ndo ndoano hiyo, unapewa kidogo ili uamini. Leo ananiambia nimepandishwa daraja kwa hiyo niweke elfu hamsini ya "kufungua kazi za VIP", jioni inarudi na faida, na nitume kwenye namba binafsi ambayo jina likitokea ni mwanaume mzima! Na anataka picha ya kitambulisho changu cha NIDA mbele na nyuma. Nikamuuliza kistaarabu, dada, tangu lini mfanyakazi akamlipa bosi? Mkataba uko wapi? BRELA, kule wanakosajili kampuni, mmesajiliwa kwa jina gani?

Akajibu kwa voisi: "Watu wa huko ndo maana hamuendelei, baki na mama yako mkalime viazi."

VIAZI. Mama yangu kaingiaje hapo?? Viazi hivyo ndo vimenilipia ada kuanzia msingi mpaka chuo, mama anaamka na baridi lile la mwezi wa sita mikono imepasuka, halafu mtu anayeishi kwa kuwaibia watoto wa watu ndo anamdharau! Na mwisho wa voisi kacheka. Nimeirudia voisi ile mpaka bando limekata, nimeunga lingine, bado anacheka. Kujibu siwezi, kaniblok. Viazi jamani!

Kipara wa Mafiati:
Uzi mzima viazi 😂😂 pole mkuu ila ile elfu tatu umerudisha?

Mwana_Isyonje:
Sirudishi, nimeifanyia kazi. Na wewe unacheka kama yeye.

Binti Makambako:
Afadhali wewe ulitukanwa viazi. Mimi waliniambia nimepata data entri kampuni ya Kanada, intavyuu hakuna, ni kuchati tu Telegram, mshahara dola elfu mbili kwa kuandika majina. Laptopu wananitumia ila nilipie usafiri laki na themanini. Nikauliza inashukia stendi ya Makambako na basi gani? Kimya mpaka leo.

Mzee wa Sae:
Acheni kulia, ripotini. Ile meseji yake iforwadi 15040, hiyo ni namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli, namba zao zinafungiwa. Na kila mtu apige *106# aangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake, maana hizo picha za vitambulisho wanazoomba si za kubandika ukutani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015.

Mwana_Isyonje:
Asante mzee wangu, nafanya sasa hivi. Lakini mzee umeona alivyomsema mama?

Gunia la Njombe:
Hao wa simu bado watoto wadogo. Si mmetaja viazi? Tapeli ni dalali. Gunia mwisho kilo 100, juzi wamekuja shambani wameshindilia lumbesa, juu wameshona kichwa utadhani kuna mtu kakalia, bei ileile ya gunia! Ukikataa anawasha Fuso anaondoka, viazi vinakuozea. Wakala wa Vipimo mko wapi??

Binti Makambako:
Uwiii umenigusa. Na ushuru juu.

Mwana_Isyonje:
Jamani, tulikuwa kwa yule dada.

Kipara wa Mafiati:
Dada aachwe kwanza, lumbesa ndo inaumiza watu. Mimi nakaanga chipsi huku, nanunua kwa ndoo, nikifika chini nakuta vidogo kama gololi na vimeota.

Gunia la Njombe:
Usinilaumu mimi, wanaovipanga viazi ndo haohao madalali.

Kipara wa Mafiati:
Mwana_Isyonje, mama anauza bila dalali? Ni mbegu ya Sagitta au Kikondo?

Mwana_Isyonje:
Sagitta. Njoo PM.